Barafu Kwenye Kioo, Kalahari

Baba Neema wangu,

Ulisema jangwani ni joto tu, niache koti huko nyumbani Burnsville. Nashukuru sikukusikiliza! Leo alfajiri hapa Kalahari kioo cha gari kilikuwa cheupe pe kwa barafu. Dereva wetu akaja na birika la maji moto. Nikapiga kelele, "Bwana, usimwage, kitapasuka!" Nikachomoa kadi ya maktaba, nikakikwangua mwenyewe, watalii wenzangu wakinipigia makofi.

Nilianza na kitundu kidogo kwenye barafu, kama kile ulichonifungulia baridi yetu ya kwanza Minnesota, nilipojifungia garini nikilia nataka kurudi Nakuru, nawe ukanichungulia kutoka nje ukicheka.

Leo nimechungulia mimi, nikajikuta nakutafuta ndani.

Nibusie Neema. Mwakani tunakuja wote, na koti lako.

Mama Neema