Uzi Mweupe wa Sorina

Kijijini, 9 Februari 2019

Mwanangu Aurica,

Hujambo huko Bologna? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila goti langu halipendi theluji. Barua hii nampa Vitalie wa basi dogo la Italia pamoja na jibini. Simu siiamini, nimeizima.

Shuleni kumezuka jambo. Mwalimu Raisa kaanzisha somo la hisia. Kila asubuhi mtoto anatundika uzi kwenye msumari wenye jina lake: mweupe akiwa ametulia, mwekundu akiwa na hasira, wa buluu akiwa na huzuni. Jana mwanamke wa halmashauri alikuja kuutazama ubao huo, daftari mkononi. Unajua mwenyewe kwamba uliondoka bila kujiandikisha kwao. Wakigundua binti yako Sorina hana mzazi nyumbani, watamchukua. Nimemwambia atundike mweupe kila siku, na akiulizwa, mama yuko kazini hapa hapa nchini, mjini Chisinau.

Mama yako

Bologna, 17 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, jibini limefika. Umefanya vema. Anayemuuliza mtoto wa miaka minane moyo wake ukoje ana lake jambo. Sorina asikosee hata siku moja. Nami huku nimefunga mdomo. Bibi Ornella ninayemtunza alitaka mtu asiye na familia, hajui kama nina mtoto. Picha ya Sorina naificha ndani ya soksi.

Mwanao

Kijijini, 24 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Raisa kaja nyumbani na keki! Eti, "Bibi Agafia, Sorina ametulia mno." Nikamwambia, "Mno ndiyo nini? Mlitaka apigane?" Akacheka, huku macho yakikagua viatu mlangoni. Keki nimewapa kuku. Mtoto anakula kidogo siku hizi, itakuwa baridi.

Mama yako

Kijijini, 14 Machi

Aurica mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi sina raha.

Jumatatu nilifua koti la Sorina. Mfuko umejaa nyuzi za buluu. Nikamfokea, "Umeiba?" Akasema, "Hapana, bibi. Nachukua wa buluu, halafu nakumbuka ulichoniambia."

Nilikwenda shuleni. Ubao ule, mwanangu, umejaa buluu! Nusu ya darasa wazazi wao wako huko huko Italia. Mweupe ulikuwa mmoja, wetu. Raisa akaniambia, "Nilijua tangu Septemba, bibi. Hata mimi nililelewa na bibi yangu." Na yule wa halmashauri alileta fomu tu, za wazazi walio mbali kusaini ili mtoto akae kwa bibi yake. Nimeona haya, hasa nikikumbuka ile keki.

Leo Sorina katundika wa buluu. Karudi, kala sahani mbili za ugali wa mamaliga. Nakutumia fomu, pamoja na nyuzi zake. Simu nimeiwasha.

Mama yako

Bologna, 21 Machi

Shikamoo Mama,

Nimelia mpaka nimechoka. Fomu nimesaini, anakuletea Vitalie.

Uzi mmoja nimeufunga mkononi. Asubuhi Bibi Ornella akauliza ni wa nini. Nilitaka kusema ni pambo tu. Badala yake nikaitoa picha kwenye soksi, nikaiweka mezani mbele ya kahawa yake. Sijui kama kesho nitakuwa na kazi.

Mwambie Sorina nitapiga Jumapili. Na nikimuuliza hali, asinijibu kwamba ni mzima.

Mwanao, mama yake Sorina