Gari la Kimani na Petroli ya Pearland

Ijumaa, 4 Oktoba 2002

Kuku yuko jikoni. Chapati tayari. Sare zangu za wiki nzima zimepigwa pasi. Wanja ameoga bila kusukumwa kwa sababu baba yake anakuja. Saa moja jioni, simu ya Kimani. Haji.

Sababu: petroli. Eti Jumapili iliyopita, kabla ya kurudi Richardson, kule Dallas anakofanya kazi, alijaza tangi pale Paa la Bluu, kituo kilicho karibu na nyumba yetu, na tangu afike huko gari linakohoa. Hawezi kulileta Houston likiwa hivyo, litamwacha njiani. Nikamuuliza, petroli hiyo si imeshakwisha? Akasema uchafu wake unabaki kwenye nozeli.

Mimi ninajaza pale tangu tuhamie Pearland. Kila siku naenda hospitali na kurudi. Gari langu halijawahi hata kupiga chafya.

Tumekula, mimi na Wanja. Kuku amebaki zaidi ya nusu. Nimekasirika.

Jumapili, 6 Oktoba 2002

Kosa langu, kulitaja kanisani. Baada ya ibada wanaume walisimama kwenye maegesho, Wakenya kwa Wakongomani, wakabishana juu ya petroli mpaka chai ikapoa. Mmoja hanunui popote ila Sungura, kile kituo chenye sungura kwenye bango, sawasawa na Kimani. Mwingine anaapa kwamba gari lake lilipata nguvu mpya wiki aliyoacha Sungura. Wa tatu akasema petroli yote inatoka kwenye mabomba yale yale ya viwanda vya Pasadena, kinachobadilika ni rangi ya paa na dawa kidogo ya kusafishia injini. Walimzomea hadi akanyamaza.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza Kimani mwenyewe yu hali gani.

Jumamosi, 12 Oktoba 2002

Alikuja jana. Amechoka kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Dallas.

Alimwahidi Wanja maktaba. Badala yake asubuhi nzima tumezunguka tukitafuta kituo cha Sungura. Tulichokijua kimefungwa, kinachimbwa. Tukaenda hadi karibu na mji wa Alvin. Tumechoma petroli kutafuta petroli. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi ni muuguzi, nijishughulishe na damu za watu, yeye ndiye injinia. Injinia wa mitambo ya simu! Nilitazama dirishani mpaka nyumbani.

Mikono yake ina mikwaruzo. Anasema alikuwa chini ya boneti. Alilala mchana kutwa kwenye kochi, Wanja amekaa zuliani akimtazama anavyokoroma.

Jumapili, 13 Oktoba 2002

Ameondoka alfajiri, kabla ya ibada. Eti anakwepa foleni. Foleni, Jumapili alfajiri.

Ijumaa, 25 Oktoba 2002

Wiki iliyopita hakuja, eti kazi nyingi. Wiki hii petroli tena. Safari hii ya kulaumiwa ni ya Huntsville, katikati ya njia, alikojaza kwa kulazimika wakati anarudi. Gari halivuti, anasema. Akikanyaga mafuta linasita kama linaomba ruhusa.

Nikamwambia alipeleke kwa fundi. Akasema fundi atamla hela bure, dawa ni kuosha tangi kwa petroli nzuri, taratibu. Nikamwambia basi nitakuja mimi. Akasema haraka mno, hapana, msijisumbue.

Wanja nilimwambia baba haji, akiwa anachora. Hakuinua kichwa. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye hakuuliza.

Hilo ndilo lililonichoma.

Jumamosi, 2 Novemba 2002

Yuko hapa. Amelala tangu alipofika.

Nimefanya kitu. Asubuhi nilichukua funguo zake badala ya zangu. Mshale wa tangi ulikuwa chini kabisa. Nikaenda moja kwa moja Paa la Bluu, nikajaza ile petroli ya chini, ya bei ya chini, hadi pampu ikakata yenyewe. Nilikuwa nikitazama nyuma kama mwizi. Kisha nikaingia barabara kuu nikakanyaga. Gari lilivuta vizuri. Nikaenda hospitali kuchukua ratiba yangu ya zamu, nikarudi. Halikukohoa. Halikusita. Halikuomba ruhusa kwa mtu.

Nimerudisha funguo mahali pake. Sikumwambia.

Jumatatu, 4 Novemba 2002

Amepiga simu. Amefika salama. Halafu, bila kuulizwa: "Unaona sasa? Tangu nirudi kwenye Sungura, gari linaruka kama jipya."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akadhani nimefurahi.

Baadaye sikucheka. Kumbe hajui, hata tangi alilolikuta limejaa hakuliona. Hana anachokijua kuhusu hiyo petroli. Kama hajui, basi zile Ijumaa zote alikuwa anazungumzia nini?

Ijumaa, 15 Novemba 2002

Haji. Nilikata simu kabla hajafika kwenye petroli.

Kazini nilimwambia Mama Neema. Tunafanya wodi moja, yeye ni msaidizi wa wagonjwa, mtu wa Bukavu. Petroli wao wanaiita essence. Alinisikiliza huku anakunja shuka, akasema: "Dada, essence haina mdomo ya kujitetea. Ndiyo maana wanaume wanaipenda."

Sikutaka kuelewa. Nimeelewa.

Nimechemka siku nzima. Nimemfokea Wanja kwa sababu ya kijiko.

Jumatano, 20 Novemba 2002

Sikukuu ya Shukrani pia haji. Gari limezimika kabisa, anasema, petroli ilikuwa na maji. Kila mtoto ataketi na baba yake mezani wiki ijayo, wa Wanja ana maji kwenye petroli.

Nikamuuliza kwa upole alijaza wapi. Akakawia. Akasema hakumbuki.

Kimani! Mtu anayekumbuka pampu aliyojazia siku tuliyofunga ndoa!

Alhamisi ya sikukuu niko zamu. Ijumaa niko huru. Sitampigia kumwambia.

Ijumaa, 29 Novemba 2002

Nimo Richardson, kwenye nyumba ya kupanga anayokaa Kimani na binamu yake. Naandikia bafuni. Ndipo palipo na mlango unaofungika.

Tulitoka asubuhi. Wanja alilala hadi Corsicana. Mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke niliyedhani Kimani anaye. Niliyapanga vizuri. Mengine niliyasema kwa sauti.

Njoroge, huyo binamu, ndiye aliyefungua. Alipotuona akashika kitasa kama anayetaka kufunga tena. Nje sikuwa nimeona gari la Kimani.

"Shemeji. Hamkusema mnakuja."

"Kimani yuko wapi?"

"Kazini."

"Ofisi yao imefungwa kwa sikukuu."

Akatazama miguu yake. Akamwambia Wanja akawashe televisheni. Ndipo akasema, polepole, kwamba Kimani yuko Mesquite. Kwenye ghala. Anapakia makasha kwenye malori. Ofisi ilimwachisha kazi mwezi wa nane, yeye na karibu ghorofa yao nzima. Alituma maombi kila mahali kwenye barabara ile ya ofisi za simu, na kila mahali wanapunguza watu.

Maneno ya mwanamke nilikuwa nayo. Ya ghala sikuwa nayo. Nilikaa pale kitini na mkoba mapajani kama mgeni aliyekuja kuomba kazi.

Alifika jua likiwa bado juu. Gari zima, linanguruma vizuri. Kizibao cha rangi ya chungwa, buti za vumbi. Akaliona gari langu, akabaki amekaa nyuma ya usukani. Nikamfuata huko huko maegeshoni ili mtoto asisikie.

"Gari lako lina nini?" Ndilo neno la kwanza lililonitoka.

"Halina kitu."

"Na petroli?"

"Haina kitu, Mama Wanja."

Akashuka, akakaa kwenye ukingo wa saruji. Zamu anazopewa ni za wikendi, alisema. Akikataa mara mbili wanaita mwingine. Alidhani atapata ofisi kabla sijajua. "Kila Ijumaa nikishika simu sina la kusema. Hilo la petroli lilikuwa karibu. Ulishazoea kunisikia nikilisema."

"Miezi mitatu, Kimani! Na miezi miwili unanigombanisha na kituo cha mafuta!"

Nilipiga kelele. Kuna jirani aliyefungua dirisha, akafunga. Nikamwambia nilidhani ana mtu. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, na hapo nilimwamini, na kumwamini kukanizidishia hasira. Nikamwambia na lile langu, kwamba ile petroli aliyoisifu kwamba imefanya gari liruke niliijaza mimi, ya chini kabisa, Paa la Bluu. Nilitaka aone haya. Alifunika uso kwa mikono yake yenye mikwaruzo, na mimi sikupata raha niliyoitarajia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwenu wananiita Injinia. Mama yako hajui kama nina jina lingine."

Ni kweli. Na mimi ndiye niliyeanza kumwita hivyo.

Jumamosi, 30 Novemba 2002

Hasira haijaisha. Kupoteza kazi si kosa, watu wengi wamepoteza mwaka huu. Kinachoniuma ni kwamba alimwacha mtoto aamini baba yake anaogopa petroli kuliko anavyomtamani.

Nimemwambia hivyo asubuhi. Hakujitetea. Nafuu angejitetea.

Kesho anarudi nasi Pearland; leo amekwenda zamu yake ya mwisho. Mimi ndiye niliyesema aende, awaage vizuri. Nimekunja nguo zake. Suti mbili za ofisi ziko kwenye mifuko ya dobi, hazijaguswa. Njoroge amepata mtu mwingine wa kupanga naye. Nilipika ugali, tukala, Njoroge akitusimulia mambo ya mpira ambayo hakuna aliyeyasikiliza.

Jumapili, 1 Desemba 2002

Tumerudi. Magari mawili, mimi mbele. Kila nikitazama kioo, yupo. Madisonville tulisimama kujaza, kituo cha kwanza tulichokiona. Hakuuliza cha nani. Alikuja kunishikia pampu. Nikamwambia naweza mwenyewe. Nikajuta kidogo, si sana.

Jumatatu, 2 Desemba 2002

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Ninaingia kazini mchana.

Kimani aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni anamsuka Wanja nywele, mafuta ya nazi mezani, kitana mkononi. Hajawahi kumsuka. Nilibaki mlangoni.

Alikuwa anamwambia. Kwa Kiswahili, taratibu, kwamba ofisi ilimwachisha kazi, kwamba alikuwa anabeba makasha, kwamba gari halikuwa bovu. Kwamba alisema uongo. Alilitumia neno hilo hilo, hakulizunguka.

Wanja aligeuza kopo la mafuta mkononi. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, kama Ijumaa atakuwa hapa.

"Nitakuwa hapa."

"Na Jumatano?"

"Na Jumatano."

Akafikiri. Akasema Jumatano wanaimba shuleni, saa tatu, wazazi wanakaa nyuma. Halafu akaenda kutafuta viatu.

Njia ya nywele imekwenda upande, nywele za kushoto ni nyingi kuliko za kulia. Ningeweza kuzifumua, muda ulikuwapo. Nimeziacha hivyo hivyo.