Kitanda Chini ya Mti wa Mama Akiru

Lodwar, Alhamisi, Februari 2013

Bado simwamini huyu mpiga picha. Mtu mzima anatoka Nairobi, anakodi kitanda na taa ya mezani, halafu ananibebesha hadi kwenye mchanga wa mto mkavu. Anasema watu watacheka wakiona picha. Sawa. Lakini kwa nini kila nikiweka kitanda anatoa kimashine chake na kuandika mahali tulipo? Tangu mafuta yapatikane mwaka jana, kila mgeni huku ana kimashine cha kupimia ardhi.

Leo tulikuwa chini ya mgunga mkubwa. Mama Akiru akatokea na mbuzi wake.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok. Nani anahamia kwa mti yangu?"

"Ni picha tu, mama."

"Picha inalala?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Miti ya kando ya mto hapa ina wenyewe, na maganda yake ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Nina miaka mitatu tangu nitoke kwetu Busia, haya yote nayajua, na bado nilibeba.

Mpiga picha alitaka kitanda kibaki hapo hadi asubuhi. Nilikataa, nikakirudisha barabarani begani, peke yangu.

"Umeniharibia kazi," akasema. "Kesho usije."

Huenda kweli ni picha tu. Lakini yeye ana gari la kumrudisha Nairobi. Mimi nachota maji kisima kimoja na yule mama.