Samaki wa Burat Anayekataa Mafuta ya Mkia

Jumatatu, 7 Februari 1977

Nimerudi kutoka bwawa la Burat. Bure. Siku ya tatu bure. Nimetoka baada ya swala ya alfajiri, nimerudi saa sita, shingo imeungua. Chambo imerudi nzima kama nilivyoiweka. Mafuta ya mkia wa kondoo, nyeupe, safi, nimeiosha mara mbili. Mimi mwenyewe ningeila. Samaki hataki. Samaki wa wapi huyu.

Mwalimu wa ngumbaru alisema tuandike kila siku hata mstari mmoja. Wazee wengine darasani bado wanaandika jina tu. Mimi naandika ukurasa.

Sababu ya kwenda ni Amina, mke wa mtoto wangu Yusuf. Ni mtu wa ziwani, Kisumu huko. Ana mimba ya miezi saba. Nyama anatapika. Maziwa ya ngamia anatapika. Sista wa zahanati amesema damu yake imepungua, lazima ale. Niliponunua samaki kavu sokoni, ile ya Turkana, alinusa mara moja akakimbilia nje. Anasema kitu kimoja tu kitakaa tumboni, samaki fresh aliyetoka majini leo. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mimi nitaleta. Nilisema kwa sauti.

Jumanne, 8 Februari

Bure tena.

Nimepita hoteli kunywa chai. Diba alikuwa pale. Tulichunga pamoja tangu utoto, kwa hiyo anafikiri ana ruhusa. Hata salaam hajamaliza kuitikia akauliza, "Leo umeswaga samaki wangapi?" Hoteli nzima wakacheka. Mwingine akauliza kama nimewatia alama masikioni wasichanganyike na wa jirani.

Nikawaambia mimi nilifanya kazi Naivasha kwa mzungu kabla ya Uhuru. Mzungu yule alikuwa anavua samaki mmoja mkali anaitwa besi, na mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Hakuna mtu kutoka hapa mpaka Moyale anajua ndoano kunishinda. Wakarudi kwenye vikombe vyao. Ni kweli, hakuna mtu hapa anajua ndoano kabisa.

Diba akasema mzee wa ngamia kufukuza nyoka wa maji, ndivyo anavyoita samaki, ni aibu. Sikumaliza chai.

Jumatano, 9 Februari

Yusuf amefika na lori kutoka Moyale. Amemtazama mke wake mikono, imekuwa kama vijiti. Amesema basi la Jumamosi atampeleka kwa mama yake, akae huko mpaka azae, labda na baadaye. Ameniambia mimi kama mtu anayetoa habari, haulizi.

Mtoto wa kwanza wa mtoto wangu. Azaliwe mbali hivyo, nani atamwadhinia sikioni? Niliwaadhinia watoto wangu saba, na Yusuf alinyamaza kulia niliposema neno la kwanza. Sauti yangu bado iko. Lakini haifiki Kisumu.

Nimekasirika siwezi kulala mchana.

Bwawani asubuhi nilikuta bwana samaki, kijana wa serikali aliyeleta hawa samaki kwa mapipa mwaka juzi. Bwawa lenyewe ni shimo walilochimba murram ya barabara, maji yakajaa. Katikati ni refu, mtu hasimami. Aliniambia samaki hawa ni chotara, baba wa aina moja na mama wa aina ingine. Wanakua haraka, wana nguvu kuliko baba na kuliko mama. Jua likipanda wanashuka chini kwenye baridi. Akaanza kunifundisha. Nikamwambia nilishika samaki kabla baba yake hajatahiriwa. Akaenda zake.

Alhamisi, 10 Februari

Leo nilibadilisha. Nikapeleka ini la mbuzi. Nimelikata vizuri, nimeliosha likawa safi, hata damu hakuna. Nikafunga nati ya lori kwenye uzi lizame. Kipande cha kandambili kinaelea juu nikione. Hivi ndivyo mzungu alifanya, ila yeye hakuwa na nati wala kandambili.

Kandambili haikutingishika hata kidogo. Saa tano nzima nimesimama na fimbo yangu kama ninavyosimama kwenye maji siku zote. Wanaruka katikati ya bwawa, nawaona, wananicheka kama Diba.

Amina aliniona jikoni nikirudisha ini. Akauliza kwa heshima, "Baba, unawapa nyama?" Nikamwambia ndiyo, nyama bora. Akasema, "Hao wa kwetu hawali nyama, Baba. Wanakula majani ya majini, na minyoo kidogo, na ugali wanapenda sana."

Ugali. Yaani samaki amekuwa Mmeru, mtu wa shamba. Tangu nizaliwe sijaona kiumbe anakataa mafuta akachagua ugali. Nilimwambia hao wa kwenu ni wa kwenu, hawa ni wa Isiolo.

Alicheka. Mara ya kwanza mwezi huu. Halafu akashika ukuta.

Ijumaa, 11 Februari

Sijamwambia mtu. Asubuhi nilichukua ugali wa jana kwenye sufuria, nikaukanda na unga kidogo ushike. Nikachimba minyoo chini ya migomba ya mtu mmoja wa Burat. Aliponiuliza nikasema ni dawa ya kuku. Mimi, umri huu, nadanganya kwa ajili ya minyoo.

Bure. Ugali unayeyuka tu majini. Mnyoo amerudi ananitazama.

Nilitupa fimbo. Nikaiokota.

Sasa niandike ukweli, maana kitabu hiki hakuna mwingine anasoma. Naivasha nilibeba kikapu. Mzungu ndiye alishika ndoano. Nilikaa kwenye gari, mbali, kwa sababu alinifukuza kando ya maji siku ya kwanza, na sikujua kwa nini. Alipiga kelele Kizungu akanionyesha mdomo. Nilifikiri hapendi sura yangu. Na samaki sijawahi kula hata siku moja. Harufu tu.

Baada ya swala ya Ijumaa Diba alinishika mkono nje ya msikiti, hakuwa anacheka. Akasema, "Mwache aende kwao, ndugu yangu. Chotara ni wa mama." Nikatoa mkono wangu. Tumefahamiana miaka hamsini na leo nilitaka kumpiga.

Nguo za Amina zimefungwa kwenye sanduku. Limewekwa mlangoni. Nililigonga na mguu nikipita.

Jumamosi, 12 Februari

Basi ni saa tisa. Niliamka nikachukua uzi wangu. Bibi yangu Halima akasema nimechanganyikiwa. Amina akasema anataka kutembea kidogo kabla ya safari ndefu, atakuja na mimi. Yusuf akakataa. Amina akaja. Ni mkaidi, sijui amejifunzia wapi.

Tulitembea polepole, tukipumzika kwenye kila kivuli. Akakaa kwenye jiwe. Mimi nikasimama, nikatupa ndoano. Muda kidogo akasema, "Baba." Nikasema nini. Akasema, "Huo mluzi."

Mluzi gani?

"Unapiga tangu tufike. Na mguu unakanyaga, samaki wanasikia. Baba, hapa hakuna mnyama wa kunyweshwa."

Wallahi sikujua. Naapa sikujua. Tangu nilipokuwa mdogo, nikifika kwenye maji mdomo unapiga mluzi wenyewe, ule wa kunywesha, ili mnyama atulie anywe. Na mguu unapiga chini wasisongamane. Nani anafika kwenye maji akanyamaza? Mwizi tu. Siku nane nimewapigia mluzi samaki. Na Naivasha pia. Mzungu masikini.

Nilitaka kukasirika. Sikupata wa kumkasirikia.

Akaniambia nikae. Kwenye maji mimi sikai, mchungaji akikaa mifugo inapotea. Nikakaa. Akasogeza kandambili juu kwenye uzi, pima tatu, akasema huo mtego wangu ulikuwa unaning'inia juu juu na samaki wako chini. Akakanda ugali na pamba kidogo kutoka kwa shuka yangu, usiyeyuke. Akatema mate juu yake. Nikageuza uso.

Kimya. Nilishika mdomo kwa mkono, kweli kwa mkono.

Kandambili ilizama mara moja, kama mtu ameivuta kwa hasira. Nilivuta. Uzi ulinikata kidole. Mkubwa, mgongo wa bluu, anapigana kama beberu. Nimevuta ngamia kwenye matope, hakunivuta hivi. Tulipata wanne. Wa kwanza ni wangu. Nimewaonyesha watu wote barabara ya Wabera nzima, ile ndefu ya mjini, hata ambao hawakuniuliza. Diba aliona. Alisema yule mkubwa ana macho kama yangu.

Amina aliwapika na nyanya. Alikula wawili, na mchuzi. Tulikaa sote tunamtazama, Yusuf na saa mkononi. Hakutapika. Akaomba chai. Chai pia haikutoka.

Akaniwekea kichwa, akasema kwao kichwa ni cha mkubwa wa nyumba. Nyumba nzima wananiangalia, mtu wa Naivasha. Nimekula. Mifupa mingi. Si mbaya kama harufu.

Honi ya basi ilipigwa kule stendi. Yusuf hakusimama.

Jumamosi, 19 Februari

Tumeenda tena, mimi na Amina. Watatu leo. Anatembea vizuri zaidi, sista amemtazama macho akasema yana rangi kidogo. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Nguo zimetolewa.

Kukaa kimya ni ngumu. Ananiangalia mdomo.

Jua likipanda, ng'ombe wa Diba walikuja kunywa upande ule mwingine, peke yao, mchungaji amelala mahali. Nilitaka kuwapigia mluzi. Sikupiga.

Walikunywa tu.