Kwaya Iliyohamia kwa Njoroge

Wanjiru wangu,

Huku Kamenu tu wazima. Ng'ombe amezaa, na guka, babu yako, anajisifu kama aliyezaa ni yeye.

Umeuliza utamsaidiaje rafiki yako kuacha bangi. Miaka ya hamsini, kwenye shamba la kahawa Ruiru, pombe ya chang'aa ilimaliza wanaume wengi. Ndugu yangu Njoroge alitetemeka mikono hadi akashindwa kuchuma kahawa. Kumgombeza hakukusaidia. Basi sisi wa kwaya tukahamishia mazoezi kwake, jioni, saa ile walevi walikuwa wakimpitia.

“Mnanipigia kelele!” alifoka.

“Na mwimbaji wa besi hatuna,” nikamwambia. “Tuimbie.”

Alirudia pombe, nasi tukarudi kwake. Krismasi aliimba kanisani, mikono imetulia. Mama yetu alipiga vigelegele katikati ya wimbo, hata mchungaji akacheka.

Rafiki yako anapenda nini? Anzia hapo.

Cucu, nyanya yako anayekupenda