Ile Barua ya Chungu cha Simsim

Baba Festo,

Usishangae. Ni mimi mwenyewe ninaandika, si mwalimu, wala si binti wa jirani. Nimenunua kalamu na karatasi dukani Funyula, na mwenye duka akaniuliza, "Mama, leo unamwandikia nani?" Nikamwambia kazi yake ni chumvi na mafuta ya taa, ashughulike nayo. Mwandiko ukiwa mbaya, kosa ni lako. Wewe ndiye ulinifundisha kwa kipande cha makaa nyuma ya ungo, na hukuwa na subira. Ulisema "a" yangu ni kama kuku aliyelala. Mpaka leo hajaamka.

Naandika Kiswahili kwa sababu ulikuwa ukisema Kisamia ni cha mdomo na Kiswahili ni cha karatasi. Basi nimekutii. Hesabu hiyo kuwa mara ya kwanza.

Shida yangu ni hii. Jumapili mtoto wa Festo anabatizwa na hana jina la nyumbani. Anaitwa Suzana, jina alilokuja nalo kutoka Uingereza. Pasta anasema linatosha. Mimi nasema halitoshi. Mtoto wa boma hili bila jina la watu wetu ni kama kuku wa sokoni, kila mtu anauliza ni wa nani. Nataka achukue jina lako. Wewe ulikuwa Egesa, mtoto wa mavuno, yeye awe Nekesa, ndilo hilo hilo kwa msichana, na tena alifika tukivuna wimbi, hakuna wa kubisha. Lakini desturi unaijua: marehemu huja mwenyewe kwenye ndoto kuomba jina lake lipewe mtoto. Pasta ananiambia ndoto ni mambo ya giza. Nikamuuliza kwani wale wazee wa Biblia anaohubiri habari zao kila Jumapili walikuwa hawaoti? Akakohoa.

Tangu mtoto afike nakungoja. Amekuja mama yako, ambaye hakunipenda hata siku moja, akakaa akaniangalia tu. Amekuja mpaka yule ng'ombe wetu mwekundu. Wewe hujaja. Na mimi najua kwa nini hujaja. Nitafika huko. Usinisukume.

Kwanza nikupe habari. Kengele ya kanisa, ile rimu ya lori uliyoomba kwa dereva pale Busia ukaibeba begani mpaka nyumbani, sasa anapiga mdogo wako Ojiambo. Anapiga mbio mbio kama mtu anayefukuza nyani shambani. Wewe ulikuwa unapiga moja, unangoja iishe kulia, halafu unapiga nyingine. Nilikuwa nikikuambia unachelewesha watu. Sasa kila Jumapili nasimama mlangoni na kitambaa mkononi, nangoja hiyo nafasi ya katikati, na haipo.

Kitambaa chenyewe ni kile cha buluu. Unakumbuka? Nilikiomba soko la Busia, ukanyamaza. Tukapita kwa wauza dagaa, ukanyamaza. Tukatembea njia yote na jua lile, mimi natembea mbele nimenuna, nasema moyoni nimeolewa na jiwe. Tulipofika nyumbani ukavua koti ukanipa nikutundikie, na kitambaa kilikuwa ndani ya koti. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. "Hapana" yako ilisikika mpaka Port Victoria. Lakini "ndiyo" yako haikuwahi kutoka mdomoni, mtu alipaswa kuijua kwa kunyamaza kwako. Mimi ilinichukua watoto wanne kuelewa, na watatu kati yao tukawazika.

Akabaki Festo. Na Festo akaenda Uingereza kusomea kazi ya forodha, na Agneta wake akapata kazi ya uuguzi huko, na miaka ikapita, tumbo la Agneta likabaki vile vile. Unajua nilivyosema juu ya tumbo hilo. Sitarudia, maana siku hizi Agneta ndiye ananisugua mgongo nikiumwa.

Wamerudi, Baba Festo. Festo anafanya kazi Malaba, pale malori yanapopanga foleni kwenda Uganda. Siku hizi watu wa upande ule wanavuka kutafuta sabuni, wewe uliyezoea kwenda kwao kununua ndizi ungeshangaa. Agneta yuko hospitali. Wamepanga nyumba huko huko Malaba, na mtoto anakaa hapa na mimi.

Mtoto. Ana miaka mitano. Mama yake Mzungu, baba yake mwanafunzi wa kutoka Afrika, sijui upande gani, na wote wawili walishindwa naye wakamwacha kwenye nyumba ya watoto karibu na hospitali ya Agneta. Rangi yake ni ya chai yenye maziwa mengi. Nywele zake, Mungu wangu, kitana kilivunjika siku ya kwanza.

Alipofika kanisa zima lilikuja. Akina mama waliimba kuanzia barabarani, wakamletea mayai, wakambusu mpaka shavu likalowa. Ojiambo akaja na domo lake: "Shemeji, kwani huko Ulaya watoto wanauzwa kwa kilo?" Nikamwambia wewe wangekuuza kwa nusu kilo, na mnunuzi angekurudisha kabla jua halijazama. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini ndani nilikuwa na wasiwasi. Kwa sababu mtoto hakucheka. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kile cha kitambaa cha kufuma, miguu haifiki chini, anashika sahani kwa mikono miwili kama mtu aliyeambiwa asichafue.

Ikawa hivyo wiki nzima, na ya pili, na ya tatu. Tulimchinjia kuku. Tulimwekea sukari vijiko vitatu. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemkataza. Alikuwa anasema "asante" tu, Agneta alikuwa amemfundisha, asante asubuhi, asante jioni, na chakula kinabaki. Kuku sita walikwisha hivyo. Agneta akija Jumamosi analia jikoni akisema moshi, na siku moja akaniambia, "Mama, labda tulimkosea kumtoa kwao."

Halafu ikawa ile siku ya kiti chako. Kile cha miguu mitatu, cha pale kwenye nguzo. Tangu uende hakuna aliyekikalia. Ojiambo alijaribu wakati wa matanga nikamwangalia, akainuka. Mimi natoka jikoni na mwiko, nakuta mtoto amekikalia. Sikufikiria wageni wala Uingereza. Nilifoka kama ninavyofoka: "Toka hapo! Hicho kina mwenyewe!" Na mwiko juu. Agneta akaganda. Ojiambo naye, aliyekuja kuomba ugoro, akaganda.

Mtoto akaruka. Na akalia, Baba Festo! Mwezi mzima hajatoa sauti ila ya asante, kumbe alikuwa na sauti kama ng'ombe, kamasi zinashuka, mdomo wazi. Nikasema sasa atakimbilia kwa Agneta. Akakimbia, akampita Agneta, akaja kuficha uso kwenye gauni langu. Mimi niliyemfokea! Akanishika kiuno na mikono yote miwili na kulia kwake akanililia mimi.

Nilisimama na mwiko hewani kama mjinga. Mgeni ukimfokea huchukua mzigo wake akaenda. Anayekukimbilia wewe mwenyewe uliyemfokea, huyo ni wa nyumbani. Nani hajui hilo? Mimi nimelea, mimi najua. Nikamfuta kamasi na gauni, nikamwambia aende akafukuze kuku kwenye wimbi. Akaenda. Alikula ugali mara mbili siku hiyo, akaomba na wa Ojiambo.

Sasa ananiita Kukhu, bibi yake, kwa Kisamia kabisa. Anajibu akikaripiwa, ana mdomo kuliko wangu. Anateka maji na kikebe chake. Samaki wa Port Victoria anamla mpaka kichwa, mifupa anaipanga pembeni ya sahani kama vijiti vya kiberiti. Jioni anaweka mkono kwenye kiti chako, hakikalii, anaweka mkono tu, ananiuliza, "Babu alikuwa mkali kama wewe?" Namwambia hapana, alikuwa mbaya zaidi, alikuwa ananyamaza.

Haya. Nimefika.

Barua ya Festo ilikuja ukiwa hai. Si ile ya kwanza, ile ulisoma mwenyewe, ya kusema wanafikiria kuchukua mtoto, na mimi nikasema sitaki mtoto wa watu, na wewe ukasema kwa sauti mtoto ni wa anayemlea, tukanuniana. Ni ya pili. Ile uliyoingoja. Mwalimu aliitoa posta Busia akanipa mimi, wewe ulikuwa umeenda kukata miti ya kupaulia kanisa. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na picha, msichana na nywele zile, amevaa sweta. Nikasoma na kidole chini ya maneno, vile ulivyonifundisha. "Baba, mtoto tumempata. Tunaomba baraka yako, na tunaomba wewe umpe jina." Baba. Hakuandika Mama. Hiyo pia iliniuma, acha niseme ukweli wote.

Nilitaka mjukuu wa tumbo. Nilitaka wa kufanana na wale watatu tuliowazika. Nikaikunja, nikaitia kwenye chungu cha simsim. Nilisema moyoni nitakupa tukimaliza kupalilia. Tukamaliza kupalilia. Nikasema tukimaliza kuvuna.

Kila mwalimu akitoka Busia uliniuliza, "Mama Festo, hakuna kitu?" Nikasema hakuna.

Na siku ya pili ya homa yako, midomo imekauka, nakupa maji na kijiko, ukauliza tena. Na chungu kiko pale pale nyuma ya mlango, hatua tatu. Nikasema hakuna. Ukasema, "Basi ametusahau." Ukageukia ukuta. Halafu

Hiyo siandiki.

Ubaya wangu haukuishia hapo. Festo aliporudi na mtoto aliniuliza kama ulipata barua. Nikasema ulipata. Akauliza, "Na jina?" Nikasema hukusema kitu. Kwa hiyo mwanao anaamini baba yake alimkataa mtoto akaenda kaburini amekasirika. Ndiyo maana hataki hata kutaja jina lako Jumapili. Anasema, "Suzana inatosha, Mama, tusimlazimishe Baba." Anasema hivyo akiangalia chini. Wewe ulidhani amekusahau, yeye anadhani ulimkataa, na katikati ni mimi na chungu changu.

Jana niliitoa. Karatasi imelowa mafuta ya simsim, maneno yanaonekana pande zote mbili. Picha ina doa hapo kwenye paji la uso. Lakini jicho linaonekana vizuri.

Sasa nisikilize. Kesho Jumamosi Festo anakuja. Kabla hajakunywa chai nitamwekea mkononi barua yake ile ya chunguni, na nitamwambia kwa mdomo wangu, bila kuzunguka, kwamba baba yake aliingoja mpaka siku ya mwisho. Atanikasirikia. Akasirike, ana haki. Akitaka kumchukua mtoto aende naye Malaba kwa sababu yangu, nitamfungia mtoto mzigo wake mimi mwenyewe, na kikebe chake. Hiyo ni ahadi, na unajua sijawahi kuahidi kitu nikarudi nyuma, hata ile siku niliyoahidi kumpiga Ojiambo.

Na wewe samahani yangu umeisoma. Sitaiandika mara mbili, karatasi imekwisha.

Leo na kesho nalala mapema, nimetandika upande wako. Kama hutaki Suzana awe Nekesa, njoo useme hapana yako ile kubwa, nitaisikia na nitanyamaza kanisani. Lakini Jumapili Ojiambo akipiga ile rimu na wewe bado hujaja, nitavaa kitambaa cha buluu, nitamshika mtoto mkono, na pasta akiuliza jina nitalitaja kwa sauti kubwa.

Usijifanye hukuambiwa. Nimeishi na wewe maisha yangu yote, kunyamaza kwako nakujua.

Lala salama, mzee wangu.

Ni mimi,
Mama Festo