Kamwene Si Kituo

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Makambako tunapukuchua mahindi, baba yako mdogo anakusalimu. Unauliza kama niliwahi kuyaona makumbusho ya huko Dar. Sikuyaona, na kosa si langu.

Enzi za Mwingereza nilimfuata babu yako huko, nikapanda basi la kwenda makumbusho. Kondakta alipokuja nikamwambia, "Kamwene." Kwetu Wabena humwambii mtu shida yako kabla ya kumsalimia.

"Mama, Kamwene hatufiki. Shuka."

"Nimekusalimia, wewe."

"Nami nimekwambia hatufiki."

Abiria wakacheka, nikashushwa. Nilipofika kwa miguu, mlango umefungwa, na kesho yake tukarudi Njombe. Mtu mzima hajui salamu, halafu anakabidhiwa basi zima.

Usiniandikie tena kwamba mjini watu hawasalimiani. Panda, salimia. Wakikushusha, shuka ukasalimie basi lingine.

Ni mimi bibi yako.